Mlango mmoja, baridi mbili

Mwezi wa Julai, kipupwe kikiwa kimeshika, ukitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri na kukata vichochoro vya Kiponda au Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaikuta milango ya nakshi bado imefungwa. Simama mbele ya mmoja wenye njumu za shaba, vile vifundo vilivyopigiliwa juu ya mbao. Weka kiganja cha kulia juu ya njumu na cha kushoto juu ya mbao iliyo kando yake, umbali wa vidole vitatu hivi. Shaba itakuzizima mpaka ndani ya kidole. Mbao utaihisi imetulia tu, kama haijui kwamba kuna mtu ameigusa.

Kipi kina baridi zaidi? Nimewauliza wengi swali hili, mafundi, wanafunzi wa sekondari, hata mwalimu mmoja, na jibu huja upesi: shaba. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyoumbwa, shaba na chuma ni vitu vya baridi, mbao ni kitu cha joto. Lakini mlango huo umelala usiku kucha katika hewa moja. Ukichukua kipimajoto ukakibana kwenye njumu, kisha kwenye mbao, kitasoma namba ile ile, tuseme digrii 24.

Asiyeamini na arudi Februari, saa nane mchana, kaskazi ikiwa imepamba moto na hewa ya kivulini imefika digrii 32 au 33. Achague mlango usiopigwa na jua, aweke viganja vyake kama alivyoviweka Julai. Njumu ile iliyokuwa ikizizima sasa imenyamaza. Haipoozi wala haiunguzi, na ukifumba macho utaijua kuwa ni shaba kwa ulaini wake tu. Kama baridi ingekuwa mali ya shaba, hapo ingekuwa imekwenda wapi? Halafu avuke njia mpaka kwenye mlango ulioelekea jua. Hapo atauondoa mkono haraka kwenye njumu, huku bega lake likiweza kuegemea mbao bila taabu. Shaba ya aina ile ile, katika hali tatu, imetupa baridi, imetupa kimya, imetuunguza. Mbao muda wote huo haikubadilika sana.

Nimeanzia mlangoni kwa sababu ninaamini kwamba kauli ya “chuma kina baridi” inatugharimu. Inatugharimu tunapojenga na tunapouguza watoto, na inawafanya watoto wenyewe waondoke darasani wakidhani sayansi ni maneno ya kukariri yasiyohusiana na mlango wa nyumba yao.

Ngozi ya kiganja cha mtu mzima huwa na joto la kama digrii 33. Mwilini ndani ni 37, lakini kule kwenye ngozi tumeshapoa kidogo. Kila tunachokigusa kilicho chini ya hapo, joto hutoka kwetu kwenda kwake. Kilicho juu, joto huja kwetu. Hilo halina ubishi. Kinachosahaulika ni kwamba mkono hauwezi kusoma joto la kitu ulichokigusa. Mishipa ya fahamu imelala chini ya ngozi, kwa hiyo inachosoma ni joto la ngozi yenyewe, na hasa namna linavyobadilika. Mkono ukigusa shaba ya digrii 24, joto letu linaingia ndani ya shaba na kukimbia mbali na pale tulipogusa, na shaba inaendelea kudai jingine. Ngozi inabaki inatoa bila kurudishiwa. Ukigusa mbao, joto linaingia kidogo kisha linakwama pale pale chini ya kiganja. Baada ya muda mfupi ule uso wa mbao umeshapashwa nasi wenyewe, na ngozi haina tena sababu ya kulalamika.

Wanafizikia hupima uwezo wa kitu kupitisha joto kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii moja, na namba zake ni za kushangaza. Shaba nyekundu hufika karibu 400. Alumini ya sufuria ni kama 237, chuma kama 80. Shaba ya manjano ya njumu zetu huwa kiasi cha 110 hadi 120. Chuma kisichoshika kutu, cha vijiko vya kisasa, hushuka mpaka 15 hivi, ndiyo maana kijiko hicho ukikiacha kwenye chai mpini wake huchukua muda kupata moto kuliko kile cha alumini. Maji ni 0.6. Mbao ipo kati ya 0.1 na 0.2. Hewa iliyotulia ni 0.026 tu, na hewa hiyo naomba msomaji aikumbuke, maana nitairudia.

Kupitisha joto peke yake hakutoshi kueleza kila kitu. Kuna pia uzito wa kitu na kiasi cha joto kinachohitajika ili halijoto ya kitu hicho iongezeke kwa digrii moja. Karatasi nyembamba ya alumini tunayofungia samaki wa kuchoma inapitisha joto vizuri sana, lakini ukiigusa ikiwa baridi ubaridi wake hudumu kufumba na kufumbua, kwa kuwa haina unene wa kuweka joto lako. Kipande kinene cha alumini ile ile kitakuganza vidole. Ukivichanganya vyote vitatu, yaani kupitisha, uzito na ujazo wa joto, unaweza kukadiria ngozi itafika wapi pale tu inapokutana na kitu. Kwa mlango wetu wa Julai, wenye digrii 24, ngozi inayogusa njumu hushuka papo hapo mpaka karibu 25. Inayogusa mbao hubaki juu ya 30 kidogo. Kwa mlango wa juani, tuseme shaba na mbao vyote vimefika digrii 55, hesabu hiyo hiyo inaipandisha ngozi mpaka kama 54 kwenye shaba na kama 39 kwenye mbao. Maumivu ya kuungua huanza karibu na digrii 43. Kiganja kimoja kinalia na kingine hakilii, ilhali kipimajoto kinaonyesha 55 pande zote mbili.

Hesabu ya namna joto linavyosafiri ndani ya vitu iliandikwa vizuri na Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822. Kabla yake, mwaka 1757, Benjamin Franklin, yule wa uchunguzi wa radi, alikwisha kueleza katika barua kwamba metali huonekana baridi kuliko mbao kwa sababu inauchukulia mwili joto lake upesi zaidi. Kwa hiyo jambo hili si jipya. Upya upo kwenye upande wa mwili. David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, alianza na pilipili. Alitafuta ni kitu gani kwenye mishipa ya fahamu kinachoitikia ule muwasho, akakuta kilango kidogo cha protini kinachofunguka joto likipita digrii 43 hivi, na ambacho pilipili nayo hukifungua bila moto wowote. Baadaye yeye na Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, wakakipata kilango cha baridi, ambacho hufunguka ngozi ikishuka kuelekea digrii 26 na chini yake. Hicho huitikia mentholi, ile inayotoa ubaridi kwenye mnanaa na dawa za kuchua. Rudi sasa kwenye zile digrii 25 za njumu na 30 za mbao. Njumu imevuka kizingiti cha kilango hicho na mbao haijakivuka. Na mwenye kupakwa dawa ya mentholi kifuani akasema anahisi baridi, hadanganyi. Mishipa yake inapiga kelele ile ile, ingawa kifua hakijapoa hata nukta.

Kiswahili chetu kina mchango wake katika mkanganyiko huu. Neno “joto” tunalitumia kwa mambo mawili. Tunasema “joto la leo ni digrii 31” na tunasema “jiko linatoa joto”, na katika hizo mbili la kwanza ni kiwango, la pili ni kitu kinachosafiri. Vitabu vya shule vimeleta neno “halijoto” kwa lile la kwanza, na mimi nalipenda, ingawa mimi mwenyewe, kama unavyoona hapa, nikizama kwenye kuandika naliacha na kurudia lile la mitaani. Upande wa pili, baridi tumeifanya iwe kama kiumbe kinachotembea. Mtoto akilala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, bibi humwambia, “Amka hapo mjukuu wangu, utaingiwa na baridi.” Baridi haimwingii mtoto. Joto lake ndilo linalomtoka na kuingia sakafuni. Lakini bibi anajua matokeo: atatandika mkeka chini ya mjukuu na mtoto ataacha kutetemeka, wakati sakafu chini ya mkeka haikubadilika kitu.

Mkeka wenyewe ni kazi nzuri ya sayansi. Ukili ukisukwa huacha vijinafasi, na ndani ya vijinafasi hivyo mna hewa tulivu, ile ya 0.026. Juu ya hapo, msuko una migongo, na mwili hugusa migongo hiyo tu. Jamvi la kuanikia karafuu Pemba ni hivyo hivyo. Ukikanyaga sakafu ya saruji peku mchana wa kuanika, utaruka. Jamvi lililo hatua moja mbele, limepigwa na jua lile lile tangu asubuhi, unapita juu yake. Na waliolelewa katika nyumba za zamani wanaikumbuka mitalawanda iliyokaa mlangoni mwa hamamu, viatu vya mti na msuruaki wake wa kubania kati ya vidole. Ilimkinga mtu asiteleze na asiguse sakafu yenye maji, na kwa kazi hiyo ya pili unene wa mbao ulitosha kuliko ngozi yoyote. Wazee hawa hawakuhitaji namba ya 0.15. Walijua kipi cha kuweka kati ya mguu na jiwe.

Kuna kosa ndugu na hili, la kusema blanketi “lina joto”. Nenda kwenye diko lolote wakati wa kupakua samaki uone bonge la barafu linafunikwa na nini. Linafunikwa na gunia, na likiwa la kukaa muda mrefu linazikwa ndani ya unga wa mbao. Kama gunia lingekuwa na joto lake, barafu ingekwisha kabla ya mnada. Gunia halitoi joto. Linalizuia lisivuke haraka, liwe linatoka kwa mtoto aliyelala au linaingia kwenye barafu.

Lazima niseme pia kwamba ipo baridi ya kweli, inayoonekana hata kwenye kipimajoto, tusije tukadhani kila ubaridi ni hisia. Maji ya mtungi wa udongo ni mfano wake. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakafika nje, yakakauka kwa upepo, na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa yale yaliyobaki ndani. Maji hayo yamepoa kuliko hewa. Kwetu visiwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mtungi hauwezi kupooza kama unavyopooza bara kwenye ukavu wa Dodoma, lakini unapooza. Njumu ya shaba haifanyi kazi hiyo hata kidogo. Anayezichanganya baridi hizi mbili ndiye atakayenunua kitu cha aina ya njumu akitarajia kazi ya mtungi.

Bahari nayo husaidia kulieleza hili. Hewa ya digrii 27 ni ya kukaa barazani bila shati. Maji ya bahari ya digrii 27, ambayo kwetu ni ya kawaida, humpa mvuvi raha akijitosa, lakini akikaa humo saa kadhaa ataanza kutetemeka meno. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na hayachoki kulipokea.

Nije kwa wagonjwa. Karibu kila mzazi hapa hupima homa kwa kiganja kwenye paji la uso. Siudharau mkono huo. Umegundua homa nyingi usiku wa manane. Lakini mama aliyekuwa anafua, mikono yake imepoa kwa maji, atamwona kila mtoto ana homa. Aliyekuwa amekaa mbele ya jiko la mkaa atamgusa mtoto mwenye digrii 39 aseme amepoa. Mkono unalinganisha tu, na kimoja kati ya vile unavyovilinganisha ni mkono wenyewe. Kipimajoto cha kwapani kinapatikana katika maduka mengi ya dawa, na nyumba yenye mtoto mdogo ingekiweka mahali pamoja na chumvi na sukari.

Jambo linaloniumiza zaidi ni nyumba zetu. Mama yangu mdogo anaishi Wete, kisiwani Pemba, katika nyumba ya matofali, paa la bati, bila dari. Mchana wa kaskazi chumba chake kinachemka. Mwaka juzi alikwenda kwa jirani aliyepiga marumaru, zile za dukani za udongo uliochomwa, akavua viatu, akaona raha miguuni. Akaanza kuweka akiba. Aliponiambia, nilimwuliza, “Mama, kule kwa jirani ulihisi baridi ya miguu au ya kichwa?” Akacheka, akafikiri, akasema, “Ya miguu, mwanangu. Kichwa kilikuwa kinatoka jasho.”

Hapo ndipo penye hoja. Sakafu iliyolazwa juu ya ardhi kwa kweli hupoa kidogo kuliko hewa ya mchana, kwa kuwa ardhi iliyo chini yake haifuati jua kwa haraka. Saruji ya mama mdogo ilikuwa na ubaridi huo tayari. Marumaru imeunyoosha uso tu, mguu ukagusa sehemu yote badala ya vijiwe vya saruji chakavu, na ikapitisha joto la unyayo upesi kidogo. Haikupunguza hata digrii moja ya hewa inayomzunguka mtu aliyelala kitandani. Joto la chumba kile linatoka juu. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri linaweza kupita digrii 60, nalo hulituma joto chini kama jiko linavyokupiga usoni bila kukugusa. Marumaru hata ukizipanga tatu tatu haziwezi kulijibu bati.

Ninaijua sababu ya watu kuacha makuti. Yanaoza baada ya miaka michache, yanashika moto, na mvua ya masika ikikuta tundu haikuombi ruhusa. Simlaumu yeyote aliyeezeka bati. Lakini makuti yalikuwa na hewa tulivu ndani yake, tabaka juu ya tabaka, na tulipoyashusha tulipandisha bati bila kuirudisha ile hewa. Dari huirudisha. Silingi bodi nyembamba, au hata mbao za bei ndogo, zikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati na matundu ya kupumulia pembeni, humzuilia aliyelala lile joto linaloshuka moja kwa moja. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujageuka joto. Waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, walipata ubaridi wa mchana kwa njia nyingine tena: ukuta unakunywa joto taratibu, jua linatua kabla halijafika ndani. Usiku ukuta huo hulitapika, kama anavyojua yeyote aliyekalia baraza ya upande wa magharibi baada ya isha akalazimika kutandika kipande cha mkeka. Kila njia ina gharama yake. Ninachokipinga ni kulipia sakafu kwa ajili ya tatizo la paa, kwa sababu tu unyayo ulitoa ushahidi.

Na darasani jambo hili lisingehitaji maabara. Mwalimu wa Micheweni au Makunduchi ana dawati lenye fremu ya chuma na ubao wa mbao. Ana kofuli mlangoni. Akiwapa wanafunzi kipimajoto kimoja na nusu saa, wakagusa, wakabishana, wakapima, watatoka na kitu ambacho mtihani hauwezi kuwapokonya. Nimeona vitabu vinavyoanza na neno “vipitishi”, yaani vitu vinavyopitisha joto upesi, na neno “vihami”, yaani vinavyolizuia, na jedwali la namba, mtoto akazikariri bila kuambiwa kwamba tayari amekaa juu ya kihami na miguu yake inagusa kipitishi.

Mama mdogo alipiga dari chumba kimoja, kile cha kulala, kwa akiba ile ile. Nilikwenda Februari iliyopita, saa tisa alasiri, tukakaa humo kwenye mkeka tukila embe. Alinyoosha mkono mara mbili kuashiria juu, bila kusema kitu. Makasha manne ya marumaru aliyokuwa ameshanunua bado yapo chini ya kitanda, na anasema atayapiga mwakani, uani, pale watoto wanapomwaga maji.